Mahari ya Barafu

Ninyi vijana mliobaki na karakana yangu pale Kasongo, mnanipigia simu na malalamiko yaleyale: "Muzee, watu wanataka baridi kila mwezi, hatupumziki!" Mnalalamika kwamba kazi ni nyingi. Sisi tulikuwa tunalia kwa kukosa kazi, na kilio chetu kilikuwa na msimu wake, kiangazi. Sasa kaeni chini. Mmetaka kujua joto la mji limepandaje mpaka frigo zimekuwa nyingi kuliko mbuzi, nami nitawaeleza nilivyoona kwa macho yangu. Mimi si mtu wa hali ya hewa. Najua utambi, mabomba na baba mkwe, na hivyo vitatu vimenitosha.

Zamani kiangazi kikiingia Kasongo, Juni mpaka Agosti, mvua hakuna, asubuhi watu walijifunika blanketi na kuota moto uani. Nani ataomba maji ya baridi, na yeye mwenyewe meno yanagongana? Mimi na mwalimu wangu, Bwana Amisi, tulifunga karakana. Yeye alikwenda Nyangwe kwa ndugu zake kula samaki, mimi nilibaki nyumbani na mke wangu, Feza. Watoto wetu wa kwanza wanne wote wamezaliwa karibu na Pasaka. Hesabuni wenyewe kurudi nyuma, mtafika kiangazi bila kuulizwa njia. Baadaye kiangazi nacho kikaanza kuwa na joto la mchana, wateja wakaanza kunitafuta hata Julai, nikawa nalala na bisibisi mkononi. Watoto wakakoma. Feza husema joto ndilo lililotufundisha uzazi wa mpango.

Baridi yenyewe ilikuwa ya watu wachache. Ilikuwa ya mapadri, ya wakubwa wa serikali, ya dawa za hospitali, na ya mgonjwa anayetamani maji kabla hajaaga. Mtu mzima akikuomba maji ya frigo bila kuwa na homa, ulimuuliza amepata cheo gani. Leo mtoto anayerudi shuleni ukimpa maji ya mtungi anakutazama kama umempa ya kuoshea vyombo. Mama muuza samaki ana kongelateri, ile frigo ya kugandishia. Duka la dawa lina yake. Hata kinyozi ana yake, sijui anagandisha nywele za nani.

Na msiseme ni jua peke yake. Nyumba zetu zilikuwa za nyasi. Ndani palikuwa giza na panya, lakini palikuwa na ubaridi. Kisha kila aliyepata kitu kidogo akaezeka mabati, akakata mti uliokuwa mlangoni ili watu wayaone mabati yake vizuri, halafu saa nane mchana akaja kwangu mbio kuuliza frigo bei gani. Nilimwambia mmoja, "Bwana, ulikuwa na frigo mlangoni, ukaikata ukapikia maharagwe." Alinuna, lakini aliagiza.

Kosa lingine ni lile la mke wa mkubwa mmoja, jina nalificha kwa sababu mama yule bado ana nguvu. Aliniita akisema frigo yake inaleta joto. Nilimkuta amekaa mbele yake kwenye kiti, mlango wazi, amejifunga kitenge kimoja, anasubiri sebule ipoe. Nikamwambia, mama, frigo haitengenezi baridi. Inabeba joto la ndani na kulitupa nyuma. Ukifungua mlango, inalitupa nyuma na wewe unalipokea mbele. Akanijibu, "Basi uigeuze, ile nyuma yake iangalie kwa jirani." Nilikaa nikaona hajakosea sana. Sasa fikirini mtaa mzima, kila nyumba inatupa joto lake nyuma, na nyuma ya nyumba yako ndiyo mbele ya mwenzako.

Turudi kwa Bwana Amisi, maana bila yeye mimi ningekuwa napasua kuni. Alikuwa mtu mfupi, msafi, kanzu nyeupe hata akiwa ndani ya masizi. Frigo zetu za wakati huo zilikuwa za mafuta ya taa. Chini kuna taa, nyuma kuna bomba la moshi, moto ukiwaka chini, juu maji yanaganda. Wateja hawakuamini. Walikuwa wanafika nyumbani, wanazima moto kwanza, kisha wanaweka maji ndani na kungoja. Moto na baridi vitakaaje nyumba moja? Bwana Amisi alichoka kueleza. Akawa anasema tu, "Iko kama ndoa. Ukizima moto, hakuna kitu."

Alinifundisha mambo ambayo ninyi wa sola mnayacheka. Frigo isimame sawa. Weka bakuli la maji juu yake utazame maji yanaegemea wapi. Utambi ukatwe unyooke, na moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, masizi yanaziba bomba, na mwenye frigo anasema amerogwa. Usiisukumize ukutani, iache ipumue. Na sufuria ya sombe, kisamvu cha moto, usiingize ndani hata kama mwenye nyumba ni mama yako mzazi. Nami nilimwambia mama yangu mzazi hivyo hivyo. Alinipiga na mwiko.

Siku moja Bwana Amisi alinituma Kabambare. Kulikuwa na mkulima mmoja huko, Mzee Kalonda, mtu wa kanisa, mwenye mashamba ya mpunga na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa amenunua frigo kwa padri aliyehama, na tangu aifikishe kwake haikupoza hata kidole. Nilikwenda kwa baiskeli. Nikasafisha bomba, nikakata utambi, nikaweka bakuli la maji juu. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha ngozi akinitazama. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu.

"Fundi," akasema, "hii frigo yangu iko inapika?"

Wakati huo binti yake aliniletea maji ya kunywa, ya mtungi, ya vuguvugu. Huyo alikuwa Feza. Alisema taratibu, "Kunywa, baba fundi, ujue kitu gani tunakunywaka hapa." Nilikunywa kikombe chote. Nikasema frigo hii lazima iende Kasongo kwa mwalimu wangu, na nikasema kwa sauti kubwa kwamba nitairudisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani atairudisha.

Tulikodi watu wawili wa baiskeli, wale wanaopakia mizigo kwenye baiskeli na kuisukuma kwa fimbo. Wakaitazama frigo, wakaona miguu yake imeliwa na kutu. Wakasema njia itaivunja, basi tuifunge kichwa chini, miguu juu, isiguswe na kitu. Nikakubali. Mnaijua njia ile. Ni mashimo, madaraja ya magogo, vilima vya utelezi, na matope yanayokunyang'anya kiatu. Frigo iliruka, ikaanguka, ikatikisika kichwa chini tangu Kabambare mpaka Kasongo, na ndani yake kitu kikawa kinalia, klu-klu-klu, kama tumbo la mtu aliyekunywa maji mengi. Nilisema moyoni, Etiene, umeiua, na Feza umemkosa.

Bwana Amisi aliisimamisha, akaiacha ikae, akawasha taa. Hakufungua hata skurubu moja. Kesho yake asubuhi kulikuwa na barafu.

"Nani alikufundisha kuitembeza kichwa chini?" akaniuliza.

"Hakuna mutu, Bwana. Ni barabara."

Alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Ndipo akanieleza kwamba ndani ya mabomba ya frigo za taa kuna dawa, na ikikaa vibaya muda mrefu dawa inalala na kukwama. Mafundi wa zamani walikuwa wanaipindua frigo kichwa chini na kuitikisa ili dawa iamke. "Lakini mimi nilikuwa napindua hapa ndani, taratibu," akasema. "Sikujua kwamba serikali imetutengenezea barabara kwa kazi hiyo."

Tangu siku hiyo tulikuwa na matibabu mapya. Frigo ikigoma, tuliifunga kichwa chini kwenye baiskeli na kuipeleka Nyangwe na kurudi. Watu wa njiani walizoea. Walikuwa wanauliza, "Huyu naye anaumwa?" na tunajibu, "Anaumwa, tunamutembeza." Nyingi zilipona. Kama barabara ingetengenezwa miaka ile, sisi tungefunga kazi.

Niliirudisha frigo kwa Mzee Kalonda, safari hii imesimama wima. Nikaiweka kwenye kona yake ya sebule, nikawasha. Mzee alipofungua mlango akakuta barafu, aliita kijiji kizima. Watu walipanga mstari kuigusa. Mama mmoja aliiweka mkononi akaitupa, akasema imemuunguza.

Nilipoona jina langu bado liko juu, nikaleta wazee wa kwetu tuombe binti. Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mzee Kalonda akataja yake bila haraka: mbuzi, chumvi, kitenge cha mama, jembe, blanketi la bibi. Baba mdogo akawa anaitikia, anapunguza hapa, anabembeleza pale, kama kawaida. Tulipodhani imekwisha, mzee akakohoa.

"Na barafu," akasema.

"Barafu ya namna gani, mukwe?" baba mdogo akauliza.

"Kipande kimoja. Kila Pasaka, maisha yote. Itoke ndani ya frigo yangu, hapa kwangu, kwa mukono wa huyu fundi. Na Feza ndiye ataniletea kwa sahani. Mwaka barafu ikikosa, mutoto wangu anarudi kwangu."

Baba mdogo aligeuka akaniangalia. Katika maisha yake alikuwa amelipa mahari inayokula majani, hajawahi kusikia inayoyeyuka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza. Nami nilikuwa kijana, nimeponya frigo kwa kuipindua, naamini hakuna kinachonishinda. Nikasema naweza. Feza alikuwa mlangoni anasikiliza. Aliinama, mabega yanatikisika, na mimi nikadhani analia.

Basi hapo ndipo nilipoanza kupima joto la dunia, ingawa sikujua kwamba ndiyo kazi niliyopewa. Sikilizeni vizuri. Frigo ni ileile. Nyumba ni ileile, na mzee hajawahi kubadilisha nyasi zake kwa mabati, kwa hiyo mabati hayamo katika shauri hili. Kona ni ileile. Siku ni Pasaka. Kitu pekee kinachobadilika ni ukubwa wa moto unaohitajika. Mwaka wa kwanza tulifika jioni, nikawasha utambi mdogo, asubuhi barafu iko. Nikakwaruza alama kwa msumari kwenye bati la taa, mahali ncha ya moto ilipofika, ili mwaka unaofuata nisihangaike kutafuta.

Mwaka uliofuata na ule wa tatu moto ulitosha palepale. Halafu ikaja Pasaka moja yenye joto, alama haikutosha, nikapandisha moto na kukwaruza nyingine juu yake. Nikasema ni mwaka mbaya tu. Miaka mingine ilirudi chini kidogo, nikafurahi, kisha ikapanda tena. Ndivyo joto linavyokwenda, vijana, halipandi kama ngazi. Linapanda kama mlevi anayerudi nyumbani: hatua mbele, hatua nyuma, lakini mwishowe utamkuta mlangoni. Baada ya miaka mingi bati lile lilikuwa na mikwaruzo kama uso wa paka aliyepigana.

Na frigo ya taa ina aibu moja: hewa ya nje ikiwa moto sana, hata ukiiwashia jehanamu haigandishi. Haina mahali pa kutupia joto lake. Kwa hiyo moto ulipofika mwisho, kilichoongezeka ni siku. Tulikuwa tunalala usiku mmoja, tukaanza kulala miwili, baadaye ikawa siku tatu, nne, karibu wiki. Watoto wetu wawili walizaliwa Kabambare tukingoja barafu. Isipokuwa ile miaka ya vita, ambayo mzee aliisamehe yote kwa pamoja, sikukosa hata Pasaka moja.

Mnadhani ni mzaha. Mimi sikuona mzaha. Kila mwaka tukiondoka Kasongo, Feza alifunga mkoba mkubwa, nguo za mwezi mzima, sufuria, hata mto wa kulalia.

"Vyote hivyo vya nini?" namuuliza.

"Barafu ikikosa, mimi nabaki. Makubaliano ni makubaliano."

"Feza, tuna wajukuu!"

"Watakuja kuniona kwa baba."

Nilikuwa naamka alfajiri kufungua ule mlango kama mtu anayefungua matokeo ya hospitali. Fundi mzima, jina langu linajulikana mpaka Salamabila, na ndoa yangu imening'inia kwenye maji yaliyo ndani ya kikombe cha bati.

Nimetaja Salamabila, basi mniache nitoke njiani kidogo, kuna somo ndani yake. Dhahabu ilipowapa watu wa huko nguvu, kongelateri za umeme zilianza kufika, zile zenye moteri. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na kiu ya kuuza bia ya baridi kwa wachimbaji. Joto la mashimo ya dhahabu si la kusimuliwa. Akanunua kongelateri mpya Kasongo, nami nikamwambia aibebe wima. Njiani akakutana na watu waliokumbuka matibabu yetu ya zamani. Wakamwambia, "Wewe, wima? Fundi Etiene mwenyewe alikuwa anapindua. Dawa itaamuka namna gani?" Akaona fundi anamficha siri. Akaifunga kichwa chini juu ya pikipiki, akaitikisa mpaka Salamabila, na kwa kuwa wachimbaji walikuwa wanangoja, akaisimamisha na kuwasha jenereta papo hapo. Iliguna mara moja tu.

Alinirudishia ile maiti akiwa na hasira ya mtu mwenye bia ya moto. Nikamweleza: moteri ina oili yake tumboni. Ukiipindua, oili inakimbilia kwenye mabomba. Ya taa inapona kwa kupinduliwa, ya moteri inakufa. Na kama imelala njiani, iache isimame siku nzima kabla hujawasha. Akanitazama kwa huzuni.

"Fundi, kwa nini hamukutangaza kwamba dawa imebadilika?"

Kweli hatukutangaza. Ndiyo maana nawatangazia ninyi leo, na mkiendelea kuzibeba kichwa chini, msiseme mzee alinyamaza.

Sasa niwaeleze Pasaka ya mwisho, ile iliyofanya mbaki na karakana. Tulifika Kabambare kwa pikipiki mbili, ya pili ikiwa ya mkoba wa Feza. Joto lilikuwa la kunyonyoa kuku. Nilisafisha bomba, nikakata utambi, nikapandisha moto juu ya alama zote mpaka bati likawa jekundu. Pasaka ikapita. Barafu hakuna. Siku zikafuata siku. Nilimwaga maji, nikaweka kidogo zaidi. Niliipindua frigo kichwa chini na kuisukuma uani kwa toroli, wajukuu wa jirani wakinishangilia. Nilifunika ukuta wa nyuma kwa magunia mabichi. Maji yalipoa, naam, lakini kuganda yalikataa kabisa.

Feza alitoa nguo kwenye mkoba akazipanga kwenye kabati. Akatoa na mto.

Ng'ambo ya njia kuna kijana anaitwa Bahati. Ana paneli za jua na kongelateri kubwa, anauza maji na barafu tangu asubuhi mpaka jioni, mteja juu ya mteja. Nilijipenyeza uani, nikanunua kipande, nikakizungushia jani la mgomba, nikakitia kwenye kikombe cha bati ndani ya frigo ya mzee. Kisha nikaita kwa sauti ya ushindi. Feza akanitazama, akakitazama kipande, akakiweka kwenye sahani, akampelekea baba yake.

Mzee Kalonda siku hizi haoni vizuri, lakini pua yake bado kijana. Aliinusa sahani.

"Mukwe," akasema, "frigo yangu imeanza kuvua samaki?"

Bahati anagandishia samaki humo humo. Nilitamani ardhi inimeze. Feza alikwenda jikoni, nikasikia kicheko chake huko, na ndipo nikakumbuka yale mabega yaliyotikisika mlangoni siku ya mahari.

Hasira ikanipanda. Nikasema, "Baba, miaka yote hii barafu unaifanyia nini? Meno hauna hata moja!"

"Barafu?" akasema. "Iliniuma meno tangu nilikuwa nayo. Nawamwangia kuku."

"Kuku!"

"Kaa chini, Etiene." Hakuwahi kuniita kwa jina. "Mimi nilioza mabinti watatu. Wa kwanza, mume wake alinitumia mbuzi kwa mutu. Wa pili, alinitumia chumvi na kitenge kwa mutu. Vyote vilifika vizuri. Mabinti wangu hawakufika. Wewe ulipokuja, nikajiuliza kitu gani mutu hawezi kutuma. Nikaangalia frigo. Barafu haitumiki, mwana wangu. Inakufa njiani. Anayetaka kuileta lazima akuje yeye mwenyewe, na bibi yake mwenye kushika sahani."

Yeye akaendelea kwa furaha ya mtu aliyekaa na siri mpaka ikazeeka.

"Mwanzo mulilala usiku mumoja munaenda. Nikasema, hata hivyo. Kisha joto ikaanza kuongezeka. Nikaona munalala mbili. Nikaona tatu. Watu wote wa Kabambare wanalia, mpunga inakauka, joto, joto! Mimi niko ndani nasema, Mungu asante, ongeza kidogo."

Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mimi nilikuwa nakwaruza lile bati kwa hofu, na yeye kila mkwaruzo ulikuwa siku ya kuwa na mtoto wake. Nikamgeukia Feza aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, palepale.

"Wewe ulijua?"

"Ile mukoba nilikuwa nafunga kwa nini?"

Makubaliano ni makubaliano. Barafu ilikosa, binti akabaki. Nami nilikwenda wapi? Mikono yangu imeanza kutetemeka, siwezi tena kuchomelea bomba jembamba, na chakula cha Kasongo bila Feza nakijua. Nikawapigia simu nikawaambia funguo ziko chini ya jiwe, karakana ni yenu. Mkaniuliza narudi lini, nikawajibu barafu ikiganda. Mkadhani mzee amechanganyikiwa.

Kiangazi kimeingia sasa. Huku Kabambare kuna vilima, na asubuhi nyingine bado zinakumbuka zamani. Jana nilitoka chumbani nikakuta ukungu uani na mzee amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, amevaa koti juu ya koti, blanketi magotini, mikono ameificha kwapani. Feza alikuwa anampulizia uji upoe. Nikaenda kwenye kona, nikafungua mlango wa frigo kama ninavyofanya kila asubuhi. Juu ya kikombe cha bati kulikuwa na utando mwembamba, mweupe, mgumu. Nikaugonga kwa ukucha, ukalia.

Nikauvunja kwa kidole gumba, nikakoroga mpaka ukaisha. Nikafunga mlango. Kisha nikainama, magoti yakalia, nikashusha utambi chini ya alama ya kwanza kabisa.

"Iko?" mzee akauliza kutoka uani.

"Bado, baba."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Hii joto, mukwe," akasema, "itatuua."